Vazi Lisilo na Zipu

3 Machi

Mpwa wangu,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanapovamiwa na viumbe kutoka sayari nyingine ni kupiga mayowe, kisha kukimbilia ghorofani. Mayowe humwonyesha adui ulipo, na ghorofani hakuna mlango wa nyuma. Nimefundisha fizikia hadi nikastaafu, kwa hiyo soma barua hii polepole, hata kama wameshafika mlangoni.

Uliniandikia hivi: “Mjomba, wavamizi wanatua Jumatatu, macho yao bado hayajakaa sawa, na mji wote utasalimu amri kabla mwezi haujaisha. Niombee.” Basi! Hukusema wanatoka wapi, wala wana silaha gani. Ukaweka sahihi, ukachora na ua.

Nimejaza maji kila chombo, hadi birika na viatu vya mvua. Nimebandika magazeti madirishani. Jirani yangu fundi saa aliniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu, “Subiri Jumatatu.” Sasa naye amebandika.

Nijibu haraka: wana miguu mingapi, na wanapumua nini? Ukiwa umeshatekwa, mwombe mtekaji akuruhusu uandike mistari miwili tu.

Mjomba wako


8 Machi

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Nimecheka hadi mbavu zikauma, kisha nikaona haya, maana kosa ni langu. Ni filamu, Mjomba! Nimepata kazi. Mimi ndiye fundi cherehani wa filamu ya wavamizi, na macho yasiyokaa sawa ni vichujio vya chai nilivyovipaka rangi. Bandua magazeti, tafadhali, na umwombe radhi fundi saa.

Tunapigia picha katika ghala la zamani la sabuni. Vipande bado vimejaa kwenye kona, kwa hiyo wavamizi wetu wanapiga chafya kabla ya kuua mtu. Chombo chao cha angani ni madishi mawili ya televisheni yaliyogundishwa mdomo kwa mdomo na kuning'inizwa kwa uzi. Uzi unaonekana. Mwongozaji anasema hauonekani. Tunamwita Kata, kwa sababu hilo ndilo neno linalomtoka kuliko mengine yote: akikohoa tu, watu wanasimama.

Wavamizi nimewashona mwenyewe, kumi na wawili, kwa sponji, mpira wa makoti ya mvua na mabomba ya mashine za kufulia. Kila mmoja ana zipu mgongoni, kutoka shingoni hadi kiunoni, kwa sababu mtu akikaa mle ndani bila kufunguliwa anazimia. Nilitaka hata koti la Mtawala wa Dunia liwe na zipu, maana anayemwigiza ni muuza magodoro mwenye tumbo la heshima, na kumvisha ni vita. Kata alinifokea mbele ya watu wote.

“Zipu? Mtawala? Umewahi kuona mtawala mwenye zipu mgongoni, wewe? Zipu ni za wavamizi! Mtawala ni vifungo vya shaba, kidevuni hadi magotini. Atakayeligusa hilo koti tena aende akashone mapazia kwao!”

Koti nimeliacha na vifungo vyake, Mjomba. Ameniahidi kazi ya kudumu filamu hii ikiisha salama, na Mama ameshautangazia mtaa mzima. Siwezi kurudi nyumbani kushona mapazia.

Nimempa dereva wa basi akuletee vazi la kwanza nililolishona, lile la mfano. Mikono ni mifupi, halifai. Likate sponji yake uzibe upepo kwenye mlango wako.

Mpwa wako, Sindano


13 Machi

Sindano,

Nimepata vazi. Ni baya sana, hongera.

Sasa nikueleze jambo ambalo ningelikumbuka mapema kama usingenipandisha presha. Nyota iliyo jirani kuliko zote na jua letu iko mbali kiasi kwamba mwanga wenyewe, ambao hakuna kinachoushinda mbio, hutumia zaidi ya miaka minne kufika hapa. Hakuna kiumbe mwenye akili timamu atakayesafiri hivyo ili aje kupiga chafya kwenye ghala la sabuni. Nilijua hayo yote. Niliyafundisha. Nikaacha mapenzi ya mjomba yanikimbize mbele ya elimu, na sasa fundi saa kila akinipita anatazama juu na kuniuliza, “Vipi mwalimu, bado hawajatua?”

Sikasiriki. Lakini usinifanye kichekesho mara ya pili.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo.

Jana tulipiga picha ya dunia kusalimu amri. Mtawala anapanda jukwaani mbele ya umati, anasema, “Chukueni mji, chukueni dunia, tuacheni hai,” kisha anasaini karatasi na kumkabidhi mvamizi wa mbele. Muuza magodoro kila akifika mwisho anaongeza, “Na mlale pazuri!” Ni mazoea ya dukani. Kata anapiga kelele, “Kata! Rudia!” Basi dunia imesalimishwa tangu asubuhi hadi muda wa chakula, na kila mara karatasi mpya, kwa sababu zilizosainiwa hazirudi. Kuna mvamizi mmoja anazipokea, anainama kwa adabu, anazitia mahali sijui wapi.

Huyo hatumjui jina. Hatoki kunywa maji, habishani, hasimulii habari za mpira. Tunamwita Mwenzetu. Kata anampenda kufa. “Huyu ndiye mwigizaji!” anasema. “Nyinyi wengine ni magunia!”

Baada ya kazi niliona mpira umechanika begani kwake. Nikachukua sindano, nikamwambia, “Geuka nikufungue.” Akageuka. Mjomba, hakuna zipu. Nikapapasa kutafuta mshono. Hakuna mshono. Mpira una joto, na chini yake kitu kinapanda na kushuka taratibu. Nikahesabu waliokuwa wanavua mavazi: kumi na wawili. Yeye ni wa kumi na tatu.

Sikupiga mayowe. Nilikumbuka barua yako. Nilimpigapiga bega nikasema, “Haya, limekaa vizuri,” nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Niambie nifanye nini.

Sindano


24 Machi

Sindano,

Barua yako imeandikwa vizuri. Hapo kwenye mpira wenye joto nusura nibandike tena yale magazeti. Lakini hunipati.

Nitakueleza kilichotokea, maana naona umechoka. Mpira mweusi hunyonya joto la taa. Kifua cha binadamu hupanda na kushuka akipumua, na vazi humfuata. Mshono usioonekana ni sifa ya fundi aliyefundishwa vizuri. Wa kumi na tatu ni kijana fulani aliyejishonea vazi kwao kwa kukosa subira ya kungoja bahati, akajipenyeza. Ndivyo walivyo waigizaji wapya: wakishavaa uhusika hawavui, hata mezani.

Ninamwonea huruma. Ikiwa hana pa kukaa, mlete kwangu. Chumba cha juu kiko wazi tangu mwanangu alipohama, na huku hakuna wa kuzungumza naye isipokuwa fundi saa, ambaye siku hizi ana swali moja tu.

Mjomba wako


29 Machi

Mjomba,

Umesema mwenyewe nimlete. Nimemleta.

Kata amefunga ghala kwa wiki mbili akisubiri fedha za tajiri wake. Wote wamekwenda kwao, Mwenzetu akabaki amesimama kwenye kona ya sabuni, gizani, akitazama mlango. Kwetu tunalala watatu chumba kimoja, na Mama akimwona atazimia. Nimemvika koti refu, kofia na shali, nimemkabidhi kwa dereva yule yule. Nimemwambia ni mgonjwa wa ngozi, asisemeshwe.

Atafika Ijumaa. Huzungumza kidogo, na anachozungumza amekiokota kwetu kazini. Usimshike mgongoni. Na kwa jina la Mungu, Mjomba, usimweleze mambo mengi.

Sindano


9 Aprili

Mpwa wangu,

Sijui uliogopa nini. Tangu nianze kufundisha sijapata mwanafunzi kama huyu!

Ni msafi kupita kiasi. Kila siku anamaliza kipande cha sabuni, na jana alimaliza hata ya kufulia. Chakula changu hakigusi, nadhani anajinyima ili aigize vizuri. Jioni anapanda juu ya paa kunitengenezea antena. Televisheni ya fundi saa imekuwa ikionyesha nukta tupu tangu hapo, na hilo peke yake linanifariji.

Lakini kubwa ni usikivu wake. Juzi nilimweleza kwa nini mbingu ni za buluu. Nilipofika mwisho nikangoja apige miayo kama wengine wote. Akanikazia yale macho yake, akasema, “Rudia.” Sindano, hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo! Nikarudia. Akasema tena, “Rudia.” Tulikaa mpaka chai ikapoa. Nikizidisha sana anasema, “Kata,” kwa upole, nami nakata.

Jana alizungumza maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Akaniuliza, “Mtawala amesaini. Watu wameona. Imekuwa?”

Nikafurahi kwamba kijana anawaza mambo ya sheria. Nikamweleza kwa kirefu kwamba mtawala akisaini mkataba kwa hiari, mbele ya mashahidi, na mwenzake akaupokea, mkataba huo umekamilika na haupingwi. Akauliza, “Akisaini mara nyingi?” Nikamwambia basi ndiyo umekazwa zaidi. Aliinama kwa adabu, akapanda juu ya paa, akakaa huko mchana kutwa.

Nakuhakikishia huyu atafika mbali.

Mjomba wako


13 Aprili

Mjomba!

Sina hata nafasi ya shikamoo. Kwa nini ulimwambia hivyo? Katika watu wote duniani, kwa nini aulizwe mtu asiyeweza kujibu “sijui”?

Tumerudi kazini jana. Sabuni yote ya ghalani imekwisha, hata ile iliyogandia sakafuni imerambwa, sakafu inang'aa kama kioo. Juu ya paa zimesimama nyota ambazo mchana haziondoki. Leo zimeshuka, na si nyota. Ni madishi mawili mawili, mdomo kwa mdomo, mapana kuliko ghala letu, yametanda hadi ng'ambo ya mto.

Kata analia kwa furaha. Anadhani ni zawadi ya fundi wetu wa mapambo, aliyetundika yale madishi ya uzi. “Hii ndiyo kazi!” anamwambia, “sasa uzi hauonekani hata kidogo!” Fundi wa mapambo anatazama juu mdomo wazi, na kwa kuwa ana watoto wa kulisha, ameitikia, “Asante, bosi.”

Mjomba, nimepanda ngazi nimetafuta uzi. Hakuna uzi.

Wameteremka wawili kama Mwenzetu mlangoni wakaulizia “aliyesaini.” Muuza magodoro akajitokeza na koti lake, akadhani ni wateja. Wakalitazama lile koti kwa muda mrefu, wakainama, wakaondoka. Yeye anajisifu kwamba wameagiza mzigo mkubwa.

Huku watu wanapiga picha kwa simu na kuuliza filamu inatoka lini. Nikisema kweli wananicheka. Wewe peke yako ndiye niliyekuwa nikikutegemea uogope, na wewe uliogopa wakati haikuhitajika. Niambie umeamini. Kisha niambie tufanye nini.

Sindano


14 Aprili

Mpwa wangu Sindano,

Nimeamini. Nilikuwa nimeamini kabla dereva wa basi hajaniletea barua yako leo asubuhi, na nitakueleza ilivyokuwa, kwa kifupi, maana muda hatuna.

Mchana wa juzi joto lilizidi. Nikamwambia Mwenzetu, “Mwanangu, uigizaji una mipaka. Vua hilo vazi upate hewa, mimi ni mzee wako tu.” Hakuelewa. Nikaenda nyuma yake nimfungulie. Nilipapasa kutoka shingoni hadi kiunoni, kisha nikarudia, kama ambavyo yeye hupenda nirudie mambo. Ule mgongo ulitetemeka kidogo, kama wa paka anayekunwa. Akageuka, akachukua sabuni mezani, akaing'ata.

Sikupiga mayowe. Nilikaa chini, nikauwaza mwanga na ile miaka yake minne, nikaona aibu mbele ya wanafunzi wangu wote. Kisha nikamuuliza kinachofuata. Akasema, “Mtawala ametupa dunia. Tunasubiri Jumapili, tunachukua.” Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekuja kuchukua kabati alilolinunua. Nikamwambia ilikuwa maigizo. Akasema, “Rudia.” Nikarudia, nikaeleza, nikatoa mifano, nikachora. Sindano, kwao hilo jambo halipo. Kinachosemwa mbele ya watu kimekuwa, basi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimeeleza kitu kwa saa nzima na hakuna hata neno moja lililoingia.

Ndipo nilipokumbuka lile vazi lako la mfano, ambalo sikuwa nimelikata. Nikaenda chumbani nikalivaa. Mikono ni mifupi kweli, na pumzi hakuna. Nikatoka nikinguruma, nikipunga yale mabomba. Mwenzetu alisimama kwa heshima, akainama, akanisemesha kwa lugha yao, nadhani alinisalimia kama mkubwa wake. Nikampa mgongo. Nikashika zipu kwa shida, nikaivuta mpaka chini, nikatoka mle ndani mimi, mjomba wako, na fulana yangu imelowa jasho.

Alipiga mayowe ambayo sijawahi kuyasikia. Kisha akakimbilia ghorofani.

Nilimfuata taratibu, nikakaa nje ya mlango wake nikimbembeleza kama mtoto. Baada ya muda akafungua. Akalishika vazi, akafungua zipu, akafunga, akafungua. Akanitazama. Akasema, “Chenye zipu si kweli.” Nikasema, “Ndiyo, mwanangu. Chenye zipu si kweli.” Akaniambia nirudie, nami kwa furaha nusura nilie.

Jana asubuhi alikwenda juu ya paa kuwaeleza wakubwa wake. Hawakubisha, lakini hawakukubali moja kwa moja, na hapo siwalaumu, hata mimi ningetaka ushahidi. Walishamtazama Mtawala kwa mbele, wakaona vifungo tu. Kesho asubuhi watakuja kumtazama mgongoni. Wakikuta zipu, zile karatasi zote ni za maigizo, watazirudisha na kwenda zao. Wakikuta kitambaa kitupu, yule muuza magodoro ni mtawala kweli, na alichotoa kimetoka.

Najua koti hilo lina maana gani kwako. Najua alichosema Kata na nimeshaona jinsi mama yako atakavyotazama pembeni majirani wakiuliza. Sitakudanganya kwamba atakusamehe. Nimewaza kama kuna njia nyingine, nimekesha nikiiwaza, na njia haipo.

Na mimi pia kuna ninachokipoteza, nikueleze usije ukadhani nakutuma tu. Wakienda, naye anakwenda. Wakibaki, ameniahidi chumba cha juu kitaendelea kuwa chake, na mimi sitadhurika, kwa sababu wanasema mwalimu ana matumizi. Nilimjibu kwamba nyumba moja haitoshi kuwa dunia. Hakuelewa, na safari hii hakusema “Rudia.” Aliniwekea kipande chake cha sabuni mkononi.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, maana usafiri wake si wa kungoja posta. Usimwogope. Mpe kiti, ingawa hatakaa. Mwambie kitanda chake sijakitandua. Akishaondoka, usianze kulia wala kumtafuta Kata umweleze, kwa sababu ukianza kueleza utachelewa, na kwa hilo unisikilize mimi ninayejua.

Leo, kabla hawajafunga ghala, chukua mkasi, lipasue koti la Mtawala katikati ya mgongo, umshonee zipu.

Mjomba wako